Kaa Kwanza, Mama Riziki

Vijana wangu wa Lewisville, siku ile ya kustaafu kwangu mliponikatia keki na kunivalisha taji la karatasi, mmoja wenu alisema, "Mama Riziki, utuandikie. Wewe njo ulianza hii kazi mbele yetu." Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimekaa dirishani na magoti yangu mabovu, sina pa kukimbilia, naandika. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini nayaacha, maana hayo mnayazungumza wenyewe kila siku ya malipo, tena kwa sauti. Nitawaeleza nilivyoanza kazi ya kutunza wazee, mama aliyenifundisha, na bibi mmoja Mfaransa aliyenitembeza mji ambao sikuwa nimeuona. Humo humo nitawaeleza jinsi habari ya mama yangu ilivyonifikia. Wengi wenu mna mama kule nyumbani, na nimewaona mnavyoingia na simu hata bafuni.

Nilifika Houston na binti yangu Riziki, tukitokea kambi ya wakimbizi Tanzania. Tulipewa chumba mtaa wa Gulfton, kwenye majengo yale yaliyobanana ambapo jirani akikaanga samaki nyumba nzima inajua ni samaki gani. Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Uvira, Kongo, na nilifundisha Kifaransa. Kule kambini watu waliniita Madame. Houston nikaambiwa Kifaransa hakina kazi, nikapelekwa kukunja shuka za hoteli. Nilizikunja vizuri sana, mwalimu ni mwalimu, lakini mgongo ukakataa. Ndipo jirani yetu mmoja Murundi, Mama Concilie, akaniambia kuna nafasi kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi yeye, huko Missouri City, nje kidogo ya Houston, na kwamba atanipitia asubuhi na gari lake.

Mama Concilie ndiye aliyenifundisha kazi hii, kwa hiyo mkiona kitu mnachofanya vizuri jueni kimetoka kwake. Alikuwa mfupi, Mkatoliki wa kweli, rozari mfukoni mwa sare na pipi za tangawizi katika mfuko wa pili. Siku ya kwanza hakunionyesha vyumba wala watu. Alinionyesha ule mkanda mpana wa kitambaa tunaomfunga mzee kiunoni kabla ya kumwinua. Akanifunga mimi, akaniinua kutoka kwenye kiti, akanikalisha tena, mpaka mwili wangu ukajua mtu anayeinuliwa anaogopa nini.

"Mutu hashikwe kwa mukono, mama," alisema. "Mukono unavunjika. Shika mukanda, na umwambie mahali munaenda, hata kama hasikie."

Mpaka leo nikimwona mmoja wenu anamvuta mzee kwa kwapa, namsikia Mama Concilie akigomba. Naandika hili kwa ajili ya watu fulani wa zamu ya asubuhi, nao wanajijua.

Somo la pili nililipata siku hiyo hiyo, kwa gharama ya miwani yangu. Kulikuwa na mzee aliyekuwa mfugaji, akasimama katikati ya chakula akisema anakwenda kulisha ng'ombe. Mimi nikamweleza kwa upole kuwa hapa hakuna ng'ombe, hapa ni nyumba ya wazee, na yeye ni mgonjwa. Akanipiga kofi, miwani ikaruka hadi kwenye supu ya mwenzake. Mama Concilie akaniokotea, akaipangusa.

"Ulimwambia ukweli?"

"Ndiyo."

"Pole. Kesho umuulize ng'ombe zake ziko rangi gani. Kisha tembea naye. Atachoka, atarudi mwenyewe."

Nikafanya hivyo kesho yake. Tukazunguka ukumbi tukitafuta ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe, na aliporudi kukaa alinishukuru kwa kumsaidia. Vyeti vyote mlivyo navyo ukutani havina somo kubwa kuliko hilo.

Kulikuwa pia na desturi moja ambayo haimo katika mafunzo yoyote. Wale wazee waliopotewa na kumbukumbu tulikuwa tukiwaambia siri zetu. Unamwosha mtu miguu, chumba kimya, maji ya vuguvugu, nawe una jambo linalokukaba; unalisema. Anakusikiliza kwa macho, anakupa pole, na baada ya kumvalisha soksi keshasahau. Mama Concilie aliiita sanduku lisilo na kitako. Unaweka kitu, na hakuna atakayekuja kukikuta. Najua ninyi pia mnafanya, nimewasikia mlangoni.

Ndipo akaletwa Madame Odette.

Alikuwa Mfaransa aliyeolewa na Mwamerika, mume akafa, watoto hawakuwa nao. Mwili ulikuwa na nguvu kuliko wangu. Kichwani, Kiingereza chake chote kilikuwa kimeondoka kikabaki Kifaransa, na wakubwa wa nyumba wakaanza kuuliza nani anaweza kuzungumza naye. Basi Kifaransa changu kilichokosa kazi Houston nzima kikapata kazi chumba kimoja. Mama Concilie naye alikijua, basi sote wawili tukawa wake.

Zamani za ujana wake, Madame Odette alikuwa akiwatembeza wageni kwa miguu katika mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa, ulio ndani ya ukuta wa mawe, ambao mapapa wa Kanisa waliwahi kuufanya makao yao. Haya nilikuja kuyajua kidogo kidogo. Siku ya kwanza nilichojua ni kwamba kila alasiri, saa ile ambayo wazee wengi huanza kuhangaika na kutafuta mlango, yeye alisimama, akajisawazisha sketi, akachukua ule mjiko mrefu wa kuvalia viatu, wa kuingizia kisigino, akauinua juu, akasema kwa sauti ya mtu aliyelipwa: "Mabibi na mabwana, tukae pamoja, mawe yanateleza."

Sikumkatalia, kwa kuwa miwani ilikuwa mpya. Nikamfuata. Na wazee wengine wawili watatu wakafuata, mmoja na kigari chake cha kutembelea, na yule mfugaji wa ng'ombe nyuma kabisa.

Ziara ilikuwa na njia yake na hakuibadilisha hata siku moja. Alianzia chumba cha chakula, chini ya saa ya ukutani, akisema huu ni uwanja wa saa, hapa watu hunywa kahawa na kusengenyana. Kutoka hapo alitupeleka mbele ya ofisi ya meneja, mlango mkubwa uliofungwa daima, akasema hili ni jumba la mapapa. Akagonga. "Wamehama," akatuambia, "hawaitikii hodi tena." Sisi wafanyakazi tulicheka mpaka tukashikilia ukuta, kwa kuwa meneja pia alikuwa na tabia hiyo. Kisha alitupitisha chumba cha kufulia, akatusimamisha mbele ya mashine zinazozunguka, akaeleza kuwa huu ni mtaa wa wapaka rangi nguo, na haya ni magurudumu ya maji waliyoyatumia. Mwisho wa yote ulikuwa dirisha kubwa mwishoni mwa ukumbi, penye viti vichache, linalotazama maegesho na barabara kuu yenye magari yasiyokatika. Pale sauti yake ilishuka.

"Huu ni mto Rhône," alisema akionyesha magari. "Na hili ni daraja. Tazameni, linaishia katikati ya maji. Zamani lilifika ng'ambo. Mafuriko yalikuwa yakilibomoa, watu wakalijenga, yakalibomoa tena. Siku moja watu wakachoka."

Hapo alitazama ng'ambo. Halafu alitushukuru, akatuomba tuangalie mifuko yetu, ziara imekwisha. Mimi aliniita bibi wa Ubelgiji, kwa sababu ya lafudhi yangu nadhani, na kila siku aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kufika. Kila siku nilijibu ndiyo.

Mnaniuliza nilifanyaje kazi hiyo miaka yote bila kuchoka. Nilichoka. Lakini ile ziara niliingoja tangu asubuhi. Hapakuwa mahali pengine Houston ambapo mtu alinieleza kitu kizuri kwa lugha niliyoifundisha, bila kutaka nimtilie sahihi mahali.

Sasa niwaambie habari ya mama. Tulipokimbia Uvira kuvuka ziwa, mama alikataa. Alisema, "Nenda na mutoto. Mimi nitachunga nyumba." Alikuwa ameshazeeka, miguu inavimba, na mtumbwi ulikuwa umejaa. Mdogo wangu Amani akabaki naye. Tangu siku hiyo sikumwona mama ila sauti yake kwenye simu, na sauti nayo ikawa inapungua. Mkimbizi harudi alikotoka kama anayekwenda sokoni, lazima angoje uraia, apate pasipoti. Nilingoja. Nikala kiapo, nikaomba pasipoti, nikangoja tena. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii, nimkute mama yangu hai nimwoshe miguu, mimi niliyeosha miguu ya mama za watu hadi vidole vikajikunja. Nilimwambia Madame Odette haya mara nyingi, sabuni mkononi. Alinishika shavu, akasema maskini mtoto. Baada ya soksi aliniuliza kama natoka Brussels.

Amani alikuwa akipiga: mama amekula kidogo, mama hajala, mama leo ameuliza juu yako. Nilikuwa natazama sanduku la barua, kama pasipoti imefika, kila nikirudi kutoka kazini. Riziki aliniambia, "Mom, they'll email you," eti watanijulisha kwa barua pepe, lakini mimi simwamini mtu asiyebisha hodi.

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo sijalisamehe. Mama Concilie alinipitia kama kawaida. Redio haikuwashwa, nikadhani imeharibika, nikamtania kuwa gari lake linakufa kuanzia mdomoni. Alitabasamu. Alinipa kipande cha chapati yake chenye mayai, na Mama Concilie hakuwa mtu wa kugawa mayai. Kazini kila mtu alikuwa mpole. Wakati wa mapumziko wakanipisha kiti kile kizuri ambacho huwa tunakigombania, nikauliza, "Leo munanioza ama?" Wakacheka, nami nikacheka zaidi yao. Nilicheka sana siku ile. Nilikula chakula cha watu wawili.

Alasiri Madame Odette akachukua mjiko wake, akauinua, tukaenda. Uwanja wa saa, jumba la mapapa, wapaka rangi. Nilikuwa na glavu mikononi kwa sababu nilitoka kubadilisha shuka. Tulipofika dirishani, hakusema neno juu ya mto. Aliugeuza mjiko, akauegemeza ukutani. Akawaonyesha wale wazee kwa mkono wasogee karibu, wasogee zaidi, mpaka wakawa duara. Kisha akavuta kiti kimoja, akakiweka mbele yangu.

"Kaa kwanza, Mama Riziki," alisema kwa Kifaransa.

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa bibi wa Ubelgiji tangu siku ya kwanza. Na kwetu, mtu mzima akikuwekea kiti katikati ya watu akakwambia ukae kwanza, hahitaji kuendelea. Habari ya msiba kwetu haisemwi kwa simu wala mtu hatupiwi akiwa amesimama. Watu hukusanyika, wakakukalisha, mmoja akasema. Nilikaa.

Akanishika mabega yote mawili. "Mabibi na mabwana," alisema, "mama wa bibi huyu amefariki kwao. Tusimame kidogo hapa."

Wale wazee hawakujua Kifaransa, lakini walisimama. Yule mfugaji alivua kofia. Barabara kule nje magari yalikuwa yanapita tu. Sikulia mara moja, nilitazama glavu zangu. Ndipo nikasikia viatu vya Mama Concilie vinakuja mbio ukumbini, naye haruhusiwi kukimbia kwa sababu ya moyo. Alipofika akatazama duara, akanitazama mimi, akaweka mkono mdomoni.

"Njo vile?" nikamwuliza kama ni kweli.

"Njo vile, mama. Pole. Pole sana."

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Asubuhi, mbele ya kukupitia. Amani alinipigia mimi. Tulitaka ufike nyumbani. Batu wako kule wanakungoja, biti biko tayari. Mutu haambiwe kilio kwenye kazi, na glavu mukononi."

Nyumbani Gulfton kochi langu lilikuwa limeshatolewa. Mikeka ilitandikwa, viti vya kanisa vilipangwa, wanawake walikuwa jikoni kwangu wakipika kwa sufuria nisizozijua, Wakongo, Warundi, na Mkenya wa mlango wa tatu aliyekuja na maziwa. Riziki ndiye aliyenifungulia. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "They told me not to say." Hata mtoto wangu alikuwa amejua, akaenda shule, akarudi, akanyamaza. Nilipita nikaketi chini, nikalia mpaka sauti ikaisha. Nililia mama, na nililia ile chapati yenye mayai.

Watu walikaa nami kama inavyotakiwa. Mama Concilie aliosha vyombo vyangu kila siku ya matanga na mimi sikumsemesha. Siku ya mwisho alikuja akaketi kwenye mkeka kando yangu, rozari imemkamata vidole.

"Mimi njo nilimwambia Madame," akasema. "Asubuhi, wakati ya kumuogesha. Ilikuwa inanichoma, mama, na sikukuwa na mutu wa kuambia. Nikamuelezea kila kitu, tutafika naye nyumbani, tutamukalisha kwanza, kati ya batu, njo tutamwambia. Nilijua atasahau. Madame anasahau hata kama alikula."

"Hakusahau."

"Hakusahau," alisema, akaanza kulia yeye.

Tulisemeshana tangu hapo. Lakini ninyi vijana mtaniuliza, kwa kuwa yatawafika, ni lipi lililo haki: kumwacha mwenzako acheke mpaka jioni, au kumwambia pale pale penye ndoo na mopu. Najua tu kwamba waliokuwa na akili timamu walinificha kwa upendo, na yule asiyejua kama amekula aliikumbuka desturi yetu yote, kiti, watu, na neno lenyewe, mpaka alipoimaliza.

Niliporudi kazini aliniuliza kama ni mara yangu ya kwanza Avignon. Nikajibu ndiyo. Ziara ikaenda kama kawaida, na dirishani akaeleza juu ya daraja na watu waliochoka. Lakini mimi nilikuwa na kawaida mpya, nilikaa kwenye kile kiti. Kila alasiri nilikaa, nikamtazama usoni, nikingoja aniite tena kwa jina langu. Labda nilitaka nisikie tena, kwa kuwa siku ile nilikuwa natazama glavu. Hakuniita tena.

Pasipoti ilikuja matanga yameshakwisha. Niliiweka kabatini chini ya mashuka.

Madame Odette alikufa siku yangu ya kupumzika. Nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kukaushia nguo pale Gulfton, simu ikalia, ujumbe kutoka kazini, uliotumwa kwetu sote kwa pamoja, kwamba chumba chake kiko wazi na kisafishwe kwa ajili ya mgeni wa kesho. Ni hivyo tu. Nilisoma nikiwa nimesimama, mkononi nguo za Riziki zinadondosha maji. Hakuna aliyenisogezea kiti. Niliuliza nani atapeleka habari kwao, nikajibiwa kuwa kuna wakili, hakuna ndugu, makaratasi yote yamekamilika. Mama Concilie na mimi tulikisafisha kile chumba wenyewe. Tulizungumza Kifaransa tu, bila kupanga. Ule mjiko wa viatu niliutia kwenye mkoba wangu, na kama ni wizi basi mnishitaki, nimeshastaafu.

Baadaye Riziki aliolewa akahamia Lewisville, nami nikamfuata nimlelee wajukuu, nikapata kazi kwenu. Miaka yangu kwenu mnaijua, na lawama zangu mmezisikia. Mama Concilie alibaki Houston, moyo ukamchosha, akafa. Kwa msiba wake Riziki alitoka kazini, akaendesha hadi kwangu, akanikuta nakata vitunguu. Alivuta kiti. Basi huyo mtoto anayenijibu Kiingereza tangu Gulfton alikuwa ameshika kitu.

Nilipostaafu nilisema sasa naenda Uvira, nikaone kaburi la mama. Pasipoti ilikuwa imeisha muda, nikatengeneza mpya. Tukachagua wiki, Riziki akaomba likizo. Amani akapiga: vita vimerudi, njia zimefungwa, dada usije, nami mwenyewe sijui nitalala wapi. Nilikaa na ile pasipoti mapajani siku nzima. Jioni Riziki akaja akachuchumaa mbele yangu. Alizungumza Kiswahili chake cha kuvunjika, akitafuta kila neno. Bibi yake, mama yangu, anamwita Koko.

"Mama, kwa Koko hatuwezi. Lakini kuna ule mji ya Madame. Ule unaweza. Tu-book hata hiyo."

Nikakataa siku mbili tatu, kwa heshima, kisha tukaenda.

Avignon ni mji wa mawe, na mawe yanateleza kweli. Tulilipia ziara ya miguu kama wageni wengine, Wamerika kadhaa, mume na mke kutoka Japani, na msichana wa kutuongoza aliyebeba mwavuli uliofungwa ameuinua juu. Nilipomwona ameuinua nilitafuta mkono wa Riziki. Alitupeleka uwanja wa saa, watu wanakunywa kahawa. Akatupeleka mbele ya jumba la mapapa, lenye mlango ambao meneja wetu asingeweza kuufungua. Nilikuwa najua kila kinachofuata kabla hajasema. Kwenye mtaa wa wapaka rangi gurudumu la maji lilikuwa linazunguka taratibu, limeota majani mabichi, na mimi nikalia mbele ya Wajapani kwa ajili ya mashine za kufulia za Missouri City. Miaka yote ile nilidhani namfuata bibi aliyepotea. Hakuwa amepotea hata kona moja.

Daraja lilikuwa la mwisho, kama alivyopanga yeye. Ukilipanda unatembea juu ya mto, unapita kikanisa kidogo cha mawe, kisha daraja linakwisha, kuna chuma cha kuzuia watu, na mbele ni maji tu na ng'ambo. Msichana akaeleza mafuriko, matao yaliyobomoka, jinsi watu walivyoacha kulijenga. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Nikainua mkono. Nilisema kwa Kifaransa kuwa sina swali, nina habari, na kwamba nimetoka mbali kuileta.

"Tafadhali, madame," alisema.

"Kaeni kwanza."

Wakatazamana. Hapakuwa na viti pale, ni mawe matupu. Riziki ndiye aliyekaa wa kwanza, chini kabisa, na suruali yake mpya, akanitazama. Wale wa Japani wakamfuata, kisha wengine, na mwisho yule msichana akaulaza mwavuli akaketi. Nilitoa mjiko wa viatu kwenye mkoba, si kwa kuuonyesha, nilitaka kitu cha kushika. Nikawaambia Madame Odette, aliyekuwa akiwatembeza wageni mji huu na kuwafikisha hapa, amefariki. Alifia Texas. Hakukuwa na mtu wa kuleta habari kwao, ndiyo maana imechelewa.

Mto ulikuwa unapita chini yetu. Msichana alikuwa mdogo, pengine hakuwa amezaliwa Madame alipoondoka pale. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Samahani, madame. Sikumjua."

"Haidhuru," nikamjibu. "Sasa umeambiwa."